Lugha Isiyojua Kusema Imetosha

Jumatatu asubuhi, wakati maji ya chai yakianza kuimba, Mhandisi alipanda juu ya kigoda jikoni kwake na kubandika kinasa sauti juu ya friji, kati ya kopo la chumvi na bakuli la vitunguu. Alikibandika kwa utepe wa gundi, akakikandamiza kwa dole gumba kama anayepiga muhuri. Mkewe, ambaye alikuwa mfamasia na hakupenda kitu kisicho na lebo, alimuuliza hicho ni nini.

"Kazi," alisema Mhandisi.

"Kinauma?" aliuliza mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi.

"Hakiumi, Mama. Kinasikiliza tu."

"Basi kimekuja mahali panapokihitaji. Humu ndani wa kusikiliza hakuna."

Dada, msichana wa kazi, alikuwa akimenya viazi kwenye kona. Alinyanyuka, akalisogeza bakuli la vitunguu lisije likakiangukia kile kitu, akarudi kwenye viazi vyake.

Ofisini kwa Mhandisi walikuwa wakitengeneza lugha ya kompyuta. Lugha za kompyuta, kwa wale ambao Mungu amewaepusha nazo, ni maandishi ambayo mtu huiandikia mashine ili ifanye kazi, na yamejaa mabano, nukta na vialama vingine vinavyofanana na nzi waliokufa juu ya karatasi. Ukimsahau nzi mmoja, mashine inagoma. Mkurugenzi aliona huo ni utovu wa nidhamu. Alitaka lugha ambayo mtu yeyote angeiandika kama anavyosema nyumbani kwake, bila nzi hata mmoja, na mashine itii. Jina alikuwa nalo tayari. Lugha ingeitwa Kauli. Ukutani nyuma ya kiti chake alikuwa ametundika ile methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na aliwaambia wafanyakazi kwamba huo ndio ufundi wote wa Kauli, mengine ni mapambo.

Mara ya kwanza walikuwa wamekosea. Waliokota sentensi kwenye vitabu vya shule, wakamkodi msomaji wa habari mwenye sauti ya asali azisome moja moja: tafadhali yapange majina haya, tafadhali ihesabu mizigo hii. Mashine ilimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, isifanye kitu. Ilikaa tu, kama kidato kizima kinachoamrishwa na kiranja asiye na kalamu ya kuandikia majina ya wakorofi.

"Inajua anaigiza," alisema mwanamke aliyekuwa na kazi ya kutafuta makosa kwenye programu. Ofisi nzima ilimwita Mama Makosa, naye aliitika.

"Mashine itajuaje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mtoto mdogo anajuaje? Mwite aje umpe pipi na pipi huna, uone kama atanyanyuka."

Basi ikaonekana kwamba zinahitajika amri zilizotoka moyoni. Ofisini hazikupatikana, kwa sababu ofisini kila amri huvaa tai: ingependeza kama, tungeshukuru endapo, ukipata nafasi. Mkurugenzi aliuliza ni nani anayeishi mahali ambapo watu huagiza kweli. Mhandisi aliinua mkono.

"Kwangu, Mkuu," alisema. "Kwangu watu huagiza."

Kinasa sauti kilikaa juu ya friji mpaka utepe wake ukashika mafuta, na kilisikia mengi. Kilichomfurahisha zaidi Mhandisi ni jinsi amri za nyumbani kwake zilivyokuwa fupi. Mtu alipaza sauti kutoka chumba chochote, "Dada, maji!" na ikawa imetosha. Sauti ikiwa ya Bibi, maji yalikuwa ya vuguvugu kwenye kikombe cha bati, maana Bibi hakuziamini glasi. Ikiwa ya mfamasia, glasi ndefu na sahani chini yake. Ikitoka bafuni, ndoo. Kwa lugha nyingine za kompyuta jambo hilo lingejaza ukurasa, na huenda bado Bibi angeletewa ndoo. Hapa maneno yalikuwa mawili, na moja kati yake lilikuwa la kumwitia anayeagizwa. Aliyeagiza hakulazimika hata kujua vizuri anachotaka. Dada alijua. Mhandisi alisikiliza kanda hizo kwenye kiti chake ofisini, akatikisa kichwa kwa mapenzi, kama mtu anayesikiliza shairi.

Methali husema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Dada alipewa ufagio kabla hajaonyeshwa pa kuweka viatu. Alifika wakati Kitindamimba, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, akiwa bado anavaa nepi, na mfamasia alimwahidi mbele ya shangazi yake aliyemleta: "Mtoto akianza shule, na wewe tutakupeleka ukasome ushonaji." Shangazi alishukuru, akanywa soda yake, akaenda zake. Sasa Kitindamimba alikuwa darasa la tatu na alijua kugawanya kwa njia ndefu. Kila muhula ulipofunguliwa Dada alikumbusha. Aliambiwa angoje nyumba imalizwe kupakwa rangi. Nyumba ikapakwa rangi. Aliambiwa angoje mguu wa Bibi upone. Mguu ukapona, Bibi akawa anautumia kupigia sakafu akitaka kitu. Dada aliendelea kungoja. Alipopiga pasi sare za shule alizigeuza ndani nje, akachunguza jinsi kola ilivyounganishwa, mahali uzi ulipoingia na mahali ulipotokea, kisha akazigeuza tena na kuzikunja. Nyumba nzima ilimwita Dada, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la mama yake, jambo ambalo ndugu kwa kawaida hulijua.

Kanda zilipowekwa kwenye mashine, Kauli ilianza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Mhandisi aliandika, "Panga haya majina." Majina yalikuwa mengi na yamevurugika. Kabla hajaegemea kiti, yalikuwa yamepangika kwenye skrini. Wenzake walipiga makofi. Mkurugenzi alitoka chumbani mwake akiwa ameshavaa uso wa kupigwa picha.

Mama Makosa peke yake ndiye aliyeweka kiganja juu ya mashine.

"Ya baridi," alisema. "Na feni haijazunguka. Hii haijafanya kazi."

"Majibu si hayo hapo?" alisema Mhandisi.

"Majibu yapo, kaka. Kazi haikufanyikia hapa."

Saa hiyo nyumbani, Dada alikuwa ameacha viazi, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwaga maharage mezani na kuanza kuyapanga mstari, moja baada ya jingine, akitaja kwa sauti ndogo majina ya watu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni.

"Nani hao?" aliuliza.

"Siwajui, Bibi."

"Wanakuja kula?"

"Sidhani."

"Basi hewala," alisema Bibi.

Mhandisi aliporudi alilikuta jina lake pia mezani, harage lenye doa, mahali pake palipostahili. Alilitazama, akapiga picha, na kesho yake akaitolea taarifa kikaoni. Alieleza kwamba kwa muundo wa Kauli ulivyo sasa, mtekelezaji wa programu yuko nje ya mashine, jikoni, na kwamba mikono yake huipokea kazi papo hapo bila waya. Wajumbe waliandika. Mmoja aliuliza kama mikono hiyo inapatikana siku za mapumziko, akajibiwa kwamba inapatikana. Mkurugenzi alikuwa na swali moja tu.

"Anakula umeme mwingi?"

"Hali umeme kabisa, Mkuu."

"Sasa anakula nini?"

"Tunachokula sisi," alisema Mhandisi. "Baadaye kidogo."

Kauli ikatoka. Iliingia hospitalini, stesheni, mamlaka ya maji, shuleni na kwenye maduka ya dawa, na kila ilipofika watu waliisifu kwa maneno yale yale: inanielewa. Mzee mmoja alifika dirisha la hospitali, akaiambia mashine, "Nipe zile zile za juzi, siyo zile chungu," na mashine ikampa zile zile za juzi, siyo zile chungu. Alikaribia kulia. Alisema hata watoto wake mwenyewe hawamwelewi hivyo. Jikoni, Dada alikuwa ameshika harage moja kwenye mwanga wa dirisha, amefumba macho, akitafuta ni zipi ambazo siyo chungu, huku kwa kiwiko akizuia maziwa yasifurike.

Kazi za nyumbani zilianza kuchelewa, na nyumba haikupendezwa.

"Dada, chai iko wapi?"

"Inakuja, Mama. Hospitali kuna foleni."

"Hospitali ipi?"

"Zote."

Mfamasia alisonya, akachukua mkoba wake, akaenda dukani kwake kunywa chai ya huko. Hapo dukani kulikuwa na Kauli mpya kabisa, na mchana kutwa aliisifu kwa wateja. Alisema jambo zuri kuliko yote ni kwamba haichoki wala hainuni.

Tatizo liligunduliwa na shule moja ya bweni. Mwalimu mkuu aliiandikia Kauli, "Piga kengele," kengele ikapigwa, na ikaendelea kupigwa. Ilipigwa wakati wa vipindi, ikapigwa wakati wa chakula, ikapigwa wakati wa sala. Wanafunzi walifurahi mwanzoni, kwa kuwa hakuna mwalimu awezaye kufundisha jedwali la elementi chini ya kengele. Baadaye walizoea, wakaanza kulala ndani ya mlio wake kama samaki ndani ya maji, na walimu ndio wakaanza kuvuta masikio yao wenyewe. Stesheni, sauti iliyoagizwa itangaze treni ilikuwa bado inaitangaza treni iliyokwisha kufika, kuondoka na kuharibika. Mamlaka ya maji iliagiza tangi lijazwe, nalo likajaa, likajazwa tena.

Ofisini walitafuta namna ya kuiambia programu ikome. Walikaa na kanda zote, asubuhi hata jioni, wakitafuta mahali ambapo mtu yeyote katika nyumba ile alimwambia Dada kwamba kazi imekwisha, akae, imetosha. Hawakupata. Waliongeza sauti, wakahisi labda imesemwa kwa mnong'ono. Hawakupata. Neno "acha" lilikuwepo tele, wakalishangilia, lakini kila lilipotajwa lilikuwa na mwenzake nyuma: acha hiyo uje hapa, acha kwanza unipigie pasi. Walipolijaribu kwenye ile shule, kengele ilinyamaza palepale, na mapazia ya mabweni yote yakakutwa yamenyooshwa kwa pasi, mikunjo imelala upande mmoja. Kisha kengele ikaanza upya.

Walizima umeme. Programu haikuwa inatumia umeme.

Walimwita msomaji wa habari. Alisafisha koo, akasema, "Imetosha. Sasa nenda ukapumzike," kwa sauti ambayo ingemlaza simba. Mashine ilimsikiliza kwa adabu zote.

Mkurugenzi alimwita Mhandisi chini ya ile methali.

"Ninachotaka ni mtu mmoja nyumbani kwako aseme sentensi moja," alisema. "Aiseme kweli, kinasa sauti kimewashwa. Kuna ugumu?"

"Hakuna ugumu, Mkuu."

"Ndivyo nilivyodhani. Sisi wote ni watu wenye huruma."

Jumapili baada ya chakula cha mchana familia ilikusanyika jikoni. Mhandisi alikuwa amefunga tai. Mama Makosa alikuwa kwenye simu, amekaa kwenye ngazi za ile shule ya bweni ili awaambie kama kengele imenyamaza, na mlio wake ulijaza jiko lote. Dada aliketi kwenye kigoda. Mikono yake ilitembea juu ya maharage bila kumngoja, na alikuwa amekonda kiasi kwamba aproni ilimzunguka mara mbili. Kitindamimba ndiye aliyemlisha siku hizo, kijiko kwa kijiko, pale alipokumbuka.

Mhandisi alimweleza kinachohitajika. Dada alisikiliza.

"Mkisema kweli, mikono itakaa?" aliuliza.

"Kwa hesabu zangu, ndiyo."

"Na mkisema kweli, Baba, mjue kwamba chuo cha ushonaji kinafungua kesho. Nikipumzika ndiyo nimekwenda."

"Sawasawa kabisa," alisema Mhandisi, na akawasha kinasa sauti. Alijikohoza. "Dada. Imetosha. Nenda ukapumzike."

Kengele ililia.

"Bado," alisema Mama Makosa.

"Lakini nimesema!"

"Umesema. Ulikuwa unawaza nini?"

Mhandisi alishika kola yake. Alikuwa akiwaza shati lake jeupe, lile la sherehe ya Alhamisi, na mtu atakayelifua.

Mfamasia alimsogeza mumewe pembeni kwa nyonga. Alikuwa na imani kwamba mambo ya namna hii yanahitaji mama. Aliweka mkono juu ya bega la Dada.

"Mwanangu," alisema, na macho yake yalilowa kweli. "Umetufanyia mengi. Wanangu umewalea wewe. Imetosha sasa, mama, imetosha. Kapumzike." Akavuta pumzi. "Vile vyombo utaviosha ukiamka."

Kengele ililia.

"Wewe!" alisema Mhandisi.

"Nimesema akiamka! Nimesema sasa hivi?"

"Bado," alisema Mama Makosa kwenye simu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Bibi alipiga mguu sakafuni. Aliwaambia kwamba wamesoma mpaka wamesahau kuzungumza, akamgeukia Dada, akamtazama kwa muda mrefu. Kwa muda huo alimwona. Aliona mishipa ya mikono yake, na kucha zilizokatika, na kwamba alikuwa binti mdogo kuliko alivyodhani.

"Imetosha," alisema Bibi.

Kengele ilinyamaza. Huko shuleni, Mama Makosa alisimama. Jikoni mikono ya Dada ilitua juu ya maharage, viganja chini, na kila mtu akasikia friji ikinguruma, sauti iliyokuwa imefunikwa na mgongano wa maharage kwa wiki nyingi. Mhandisi aliinua kidole, wasivuruge.

"Ila kabla hujaenda," alisema Bibi, "nishike mkono niinuke."

Kengele ilirudi.

"Mama, jamani!"

"Sasa nitainuka na nani?" aliuliza Bibi. Lilikuwa swali la haki. Dada alimpa kiwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa imesharudi kwenye maharage, na Bibi akainuka.

Alibaki Kitindamimba. Walimsimamisha mbele ya kinasa sauti na kumfundisha maneno.

"Nikisema ataenda?" aliuliza.

"Wewe sema tu."

"Ataenda kabisa? Hatarudi kunifunga kamba za viatu?"

"Ni maneno matatu tu, mpenzi wa mama."

"Kama ataenda, sisemi," alisema Kitindamimba, akafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote humo ndani siku hiyo, na aliamriwa aende chumbani kwake.

Walitazamana. Mhandisi alilegeza tai. Mfamasia alisema pengine wajaribu siku nyingine, siku ambayo kila mtu amelala vizuri.

"Naomba niseme mwenyewe," alisema Dada.

"Useme nini?" aliuliza mfamasia.

Mhandisi alifikiri kiufundi. Hakuona katazo lolote. Alikisogeza kinasa sauti upande wa Dada. Dada alisimama, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaingiza kichwa kwenye mkanda wa begi lake lililokuwa limefungwa tayari, na begi likamkaa begani. Ndani yake mlikuwa na magauni mawili, mkasi, na kola moja ya sare ambayo alikuwa ameishona kwa mkono akifuata alichokiona. Alirudi pale pale, na hakupaza sauti.

"Imetosha," alisema. "Nimechoka. Naenda kusoma."

Hakukuwa na mtu jikoni aliyehitaji kuambiwa kwamba anasema kweli. Hata Bibi aliinamisha kichwa. Upande wa pili wa simu kengele ililia.

"Imefika," alisema Mama Makosa.

"Mbona haijanyamaza?"

"Haikufika kwenye kengele. Imefika kwenye skrini."

Mhandisi alielewa mara moja, kwa kuwa mchoro ulikuwa wake. Katika Kauli, maneno yanayoshuka kwenda kwa Dada ni amri. Yanayopanda kutoka kwake ni majibu. Hakuwa ameweka njia nyingine, kwani wakati anachora hakuna aliyefikiri kwamba itahitajika. Na kila jibu la Kauli hutokea kwenye skrini ya mteja likiwa limewekewa chini yake kitufe cha kijani kilichoandikwa Sawa, ili mteja akishasoma abonyeze, aendelee na shughuli zake.

Maneno ya Dada yalitokea kwenye skrini zote. Hospitalini muuguzi aliyasoma kwa utulivu, akadhani ni mwenzake wa zamu ya asubuhi. "Heri yake," alisema, akabonyeza Sawa. Stesheni, mzee mmoja mkata tiketi aliita jirani yake wa dirisha la pili aje asome, wakasoma wote, jirani akasema hata yeye amechoka, wakabonyeza. Kwenye duka la dawa msaidizi wa mfamasia alikuwa na mteja mwenye haraka, akabonyeza bila kusoma. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni, pamba masikioni, alivutiwa na sehemu ya kwenda kusoma; alibonyeza Sawa na kuagiza maneno hayo yasomwe kwa wanafunzi gwarideni, yawe mfano. Mkurugenzi aliyaona akiwa nyumbani kwake, akamwandikia Mhandisi kwamba herufi ni ndogo mno.

Simu ya Mhandisi ilitetemeka mkononi, maneno yakatokea juu ya jina la Mama Makosa, yakaliziba. Alimtazama Dada aliyesimama mbele yake na begi begani. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuona kilichokuwa chini, alibonyeza Sawa.

Hakuna aliyemzuia. Mfamasia alimfungulia mlango mwenyewe, kwa heshima, na Dada akatoka, akapita kwenye kamba za nguo, akafika getini. Geti lilikuwa wazi. Barabara ilikuwa tupu na kavu, na upande wa chuo cha ushonaji haukuwa na hata kilima.

Hapo ndipo Sawa zilipoanza kumfikia. Sawa iliyobonyezwa ni kazi kama kazi nyingine. Lazima mtu aipokee, aione imetoka kwa nani, aiweke mahali pake. Zilikuja moja moja, ya muuguzi, za wale wawili wa stesheni, kisha zikaja kwa makundi kutoka pande zote za mji, kila mtu akimwambia sawa. Dada alijaribu kuendelea kutembea huku akizipokea kwa mkono mmoja. Alikwenda hatua chache. Kisha alitua begi chini, kando ya geti, kwa sababu kazi hiyo ilitaka mikono yote miwili.